Kijana Aliyenyamaza: Hotuba juu ya Malezi na Afya ya Akili ya Watoto Wetu

(Imesomwa na mwanachama mmoja, karani wa kahawa, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri iliponitaka niseme maneno machache juu ya malezi ya watoto, mara ya kwanza nilikataa. Mimi si mwalimu wala si daktari. Ni karani wa kahawa. Kazi yangu ni kupima, kuandika na kujumlisha. Tena umri wangu ni miaka 38 tu, na katika mkutano huu wamo wazee waliolea watoto kabla mimi sijazaliwa. Lakini Bwana Katibu aliniambia ya kuwa sikuitwa kwa sababu ya elimu yangu, ila kwa sababu ya jambo lililoipata nyumba yangu, ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Basi nimeona ni afadhali mlisikie lote kutoka kinywani mwangu. Nimemwomba ruhusa kijana wangu mwenyewe. Alinipa kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina la mtu yeyote, na sharti hilo nitalitimiza.

Kijana huyo ni mzaliwa wangu wa kwanza. Alipokuwa mdogo alikuwa msemaji sana. Jioni hakutoka jikoni kwa mama yake. Alisimulia habari zote za shule na za njiani, hata mama yake akamwomba anyamaze kidogo asije akaunguza chakula kwa kumsikiliza. Mwaka 2023 alifanya mtihani wa darasa la nane, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho nchini mwetu mwaka huo, na mwezi wa Desemba akatahiriwa pamoja na wenzake. Alikuwa na miaka 14. Kama ilivyo desturi yetu, alijengewa nyumba yake nyuma ya boma, chakula akapelekewa huko, wala hakuingia tena jikoni. Mimi nilifurahi. Nilijiambia, "Sasa nina mwanamume mwenzangu." Tangu siku ile sikumwuliza tena amelalaje wala ameamkaje. Nilidhani kumwuliza mambo hayo ni kumdharau.

Mwezi wa Januari 2024 aliingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Muhula wa pili nikaitwa. Niliambiwa ya kuwa halali usiku, asinzia darasani, amepigana na wenzake mara mbili, na namba yake imeshuka hata karibu na mwisho. Akarudishwa nyumbani kwa majuma mawili. Wanachama, nitasema kweli: sikumwuliza neno hata moja. Njia nzima ndani ya matatu nilinyamaza, naye akanyamaza. Tulipofika nyumbani nilikata fimbo, nikampiga. Hakulia. Alisimama tu akiutazama ukuta. Nami nikazidi kukasirika, nikidhani kutolia kwake ni kiburi.

Sote twaijua methali isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeisikia tangu utoto wangu, na siku ile niliishika kama amri. Leo naona ya kuwa kilio chake hakikuwa cha kuogopwa. Mtoto wa miaka 14 apigwaye na babaye asitoe hata chozi, huyo ndiye wa kumchelea.

Aliyetambua shida yake ni mama yangu mzazi. Nyumba yake iko karibu na ile ya kijana, naye aliona ya kuwa taa haizimwi usiku kucha, na sahani zarudi na chakula ndani yake. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hana ujeuri. Ana mzigo. Niachie mimi." Wala hakumhoji. Alimwita amsaidie kuchambua maharagwe uani. Siku tatu walichambua maharagwe, na maneno yao yalikuwa ya maharagwe tu. Siku ya nne kijana akaanza kusema mwenyewe.

Alisema ya kuwa wakati alipokuwa akikaa ndani baada ya kutahiriwa, vijana waliomtangulia walimjia usiku wa manane, wakampiga, wakamtisha kwamba akimwambia mzazi atakufa. Tangu hapo, kila aliposikia mlango ukisukumwa gizani, moyo wake ulikwenda mbio. Na huko bwenini milango husukumwa usiku kucha. Wale wenzake aliopigana nao walikuwa wamemgusa akiwa usingizini. Hayo ndiyo niliyoyaita ujeuri, na ndiyo niliyompigia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuja kwangu. Nikatafakari, nikaona ya kuwa hata mimi sikupata kumwendea baba yangu, wala baba yangu hakumwendea babu. Wazee waliomo humu wayakumbuka mambo ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Wakati huo neno moja la kuponyoka lingeweza kumpeleka mtu kizuizini. Watu walihamishwa kutoka mashambani mwao wakatiwa katika vijiji vya kulindwa. Hata wavulana hawakusalimika: mwaka 1955 kambi ya vijana waliozuiliwa ilifunguliwa huko Wamumu, katika uwanda wa Mwea, ambao wakati huo ulikuwa katika wilaya ya Embu. Katika siku kama hizo mzazi aliyemfundisha mtoto wake kunyamaza alimwokoa. Siwalaumu wazee wetu hata kidogo. Lakini hatari ile ilikwisha zamani, na sisi tukaendelea kunyamaza, tukaita kunyamaza huko adabu na uanaume.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa unyenyekevu mbele ya wazee. Desturi ya kumpa kijana nyumba yake haikuwa hivi tuionavyo leo. Zamani kijana aliyetahiriwa hakuachwa peke yake. Aliingia katika gaaru pamoja na wa rika lake, wakaishi chini ya macho ya waliowatangulia, na juu yao kulikuwa na wazee. Kama vijana wakubwa walivuka mpaka, palikuwa na mtu wa kuwauliza. Leo gaaru haipo. Tumebaki na kibanda nyuma ya nyumba, mvulana mmoja ndani yake, na mlango ambao mama haruhusiwi kuupita na baba haoni haja ya kuupita. Tumeitunza nyumba, tukawaacha walinzi wake waende zao. Yako makanisa katika nchi yetu, na lile la Presbyterian huko Chogoria likiwa mojawapo, ambayo yamejaribu kuwakusanya wavulana baada ya tohara na kuwafundisha pamoja chini ya watu wazima. Hilo ni jambo la kusifiwa, lakini wavulana walio wengi bado wamo vibandani.

Sasa nitazameni hesabu hii, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kuwa katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana shida ya akili. Nao waliochunguza mambo haya wameona ya kuwa karibu theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na karibu nusu kabla hajatimiza miaka 18. Basi linganisheni miaka hiyo na desturi zetu. Wakati ule ule ambapo shida hizi huanza kumjia mtoto, ndipo sisi humwondoa jikoni kwa mama yake, humpeleka shule ya bweni, na huacha kumwuliza habari zake. Wasichana nao hawakusalimika. Wao hubaki jikoni, lakini huulizwa habari za kuni na maji tu.

Mtu akisikia "maradhi ya akili," mara moja huwaza Mathari, ile hospitali ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910, na mtu aliyefungwa kamba akipelekwa huko. Shida nyingi za watoto hazifanani na picha hiyo. Mwaka 2020 kamati iliyowekwa na Serikali, chini ya Daktari Frank Njenga, ilitoa taarifa yake juu ya afya ya akili, ikashauri hali hii itangazwe kuwa janga la taifa. Leo hospitali kuu za Embu na Meru zina watu waliofunzwa kazi hii, wala si lazima mtu asafiri hata Nairobi ili asikilizwe.

Yafaa basi mzazi azijue dalili. Mtoto halali vizuri, au alala mchana kutwa. Chakula chamshinda. Awaacha rafiki aliowapenda na michezo aliyoipenda. Alalamika tumbo au kichwa kila siku za shule, na zahanati haioni ugonjwa. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani aanza tena. Masomo yaanguka ghafula. Aliyekuwa mpole awa mkali, na aliyekuwa msemaji anyamaza. Dalili moja kwa siku mbili tatu si neno. Watoto hukasirika na kupoa kama watu wazima. Lakini zikiwa kadhaa pamoja, zikadumu kwa majuma mawili au zaidi, mzazi hana budi kuuliza kabla ya kuadhibu.

Na liko neno zito kuliko hayo yote. Mtoto akisema ya kuwa amechoka kuishi, au heri afe, msiseme anatafuta kuonewa huruma. Msimwache peke yake. Mwulizeni waziwazi kama awaza kujiua; kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile. Tena sisi wakulima tunazo nyumbani dawa za kunyunyizia kahawa na za kuoshea ng'ombe. Nimeingia katika nyumba nyingi kwa kazi yangu, nikaona chupa hizo chini ya kitanda au juu ya dari ya jiko. Zitieni katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Kufuli ni ya bei ndogo, na wakati mwingine saa moja ya kukosa sumu ndiyo inayomwokoa mtoto. Aidha, iko simu ya watoto, namba 116, ambayo haitozwi malipo. Mtoto au mzazi aweza kuipiga.

Najua wazee wengine watauliza, "Je, sasa tuache kuwarudi watoto?" La, hasha. Mtoto asiyerudiwa ni kama shamba lisilopaliliwa. Lakini kumrudi mtoto na kumpiga ni mambo mawili. Katika shule fimbo ilikatazwa mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko. Hata kama sheria isingekuwapo, mimi nimejifunza ya kuwa fimbo yangu ilimfundisha mwanangu jambo moja tu, yaani kunificha. Mtoto aogopaye hujifunza njia za kutokamatwa, na ubaya wa tendo lenyewe hauoni.

Nitawaambia tulivyofundishwa sisi. Tulipompeleka kijana hospitali, tulimkuta mwuguzi wa maradhi ya akili. Nilitazamia sindano. Hakumpa sindano wala kidonge. Alikaa naye peke yake kwanza, kisha akatuita mimi na mama yake, akasema nasi mbele yake. Tulirudi kila baada ya majuma mawili, mara sita. Nauli ya watu watatu haikuwa ndogo, na jambo hilo nitalirudia. Mashauri aliyotupa yalikuwa haya.

Kwanza, kila siku nikae na kijana muda wa robo saa tukifanya kazi yoyote pamoja, kupogoa kahawa au kulisha ng'ombe, bila kumpa mawaidha. Nilidhani ni kazi rahisi. Siku ya kwanza nilitoa mawaidha mara tatu kabla ya kufika mti wa nne.

Pili, sheria za nyumbani ziwe chache, zijulikane mapema, wala zisibadilike kwa hasira yangu ya siku hiyo. Akivunja sheria, adhabu ifanane na kosa: aliyeharibu atengeneze, aliyechelewa apunguziwe nafasi ya kutoka. Baba na mama wawe na neno moja, asipate mlango kwa huyu akiufungiwa na huyu.

Tatu, akitenda jema nilitaje lile jema lenyewe. Si kusema "wewe kijana mzuri," bali "umefunga ndama kabla hujaambiwa, nimeona." Wanachama, katika kitabu changu cha kahawa naandika kila kilo ya kila mkulima, lakini nilipotafuta jema moja nililopata kumtajia mwanangu mwaka ule, sikuliona.

Nne, alale saa zile zile kila usiku, na mlango wake utiwe komeo la ndani alilishike yeye. Nililitia mwenyewe. Aliniambia baadaye ya kuwa usiku ule alilala mpaka jogoo wa pili.

Tano, asitafune miraa wala muguka. Hapa najua nagusa riziki ya wengi waliokaa humu. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa pwani walipopiga marufuku muguka, sisi sote tulipaza sauti kwa ajili ya soko letu, na haki yetu ya kupaza sauti sikatai. Lakini sikusikia mtu yeyote katika vikao vyetu akiuliza juu ya watoto wetu wenyewe, wale waachao shule kwenda kuchuma majani hayo Igembe au Mbeere, na watafunao ili wakeshe. Mtoto aliye na shida moyoni, akinyimwa usingizi, huzidi kuumia. Tuuze tukiuza, lakini tusiwape watoto.

Mtapenda kujua hali ya kijana sasa. Alirudi shule muhula wa tatu, baada ya mwuguzi kuandika barua na kitanda chake kusogezwa penye ukuta. Si kila usiku alala vema. Namba yake haijarudi pale ilipokuwa. Lakini jioni moja katika likizo nilimkuta jikoni, amekaa juu ya kigoda, akimsimulia mama yake habari za shule. Mama yake alinitazama kwa jicho la kuniomba nisiseme neno juu ya desturi. Nilivuta kigoda cha pili nikakaa.

Bwana Mwenyekiti, sasa naja kwenye shauri langu. Chama chetu kiliundwa ili tusaidiane. Kitabu cha Mweka Hazina chaonyesha ya kuwa mwanachama akifiwa hupewa fedha za jeneza na za gari la kumleta marehemu nyumbani, wala hakuna anayeuliza maswali. Hilo ni jema, na liendelee. Lakini katika kitabu hicho hicho hakuna hata shilingi moja ya nauli kwa mzazi anayempeleka mtoto aliye hai kutibiwa akili. Mimi nina mshahara wa karani, na nauli ya safari sita ilinishinda, nilikopa. Yuko mama aliyeniambia kwa siri ya kuwa yeye aliacha kumpeleka binti yake baada ya safari ya pili. Ikiwa tunaweza kulipa gari la kumrudisha mtoto akiwa maiti, hatuwezi kukosa la kumpeleka akiwa mzima.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo mawili. La kwanza, sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa nauli za namna hii, na maombi yapelekwe kwa Katibu kwa siri, jina la mtoto lisisomwe katika mkutano. La pili, ambalo ni la wazee kuliko letu, kila mvulana wa nyumba za wanachama atakapotahiriwa awekewe mlezi mtu mzima ajulikanaye kwa baba na mama, na wazee wawili wapite usiku katika vibanda hivyo kwa siku zote za kukaa ndani. Hatuombi desturi iondolewe. Twaomba walinzi warudi.

Nanyi wazazi wenzangu, mtakaporudi nyumbani leo, kabla ya kuuliza juu ya ng'ombe na juu ya maziwa, mwulizeni mtoto mmoja amelalaje. Akijibu "vizuri" kwa haraka, kaeni naye kidogo. Mama yangu alingoja siku nne.

Bwana Mwenyekiti, shauri langu naliweka mezani.